Kopo la Mafuta Chini ya Injini

Ndugu zangu mnaoandaa maonyesho haya, wazazi na walimu, mafundi na marubani mliosafiri kuja kuungana nasi, na nyinyi watoto mlioketi chini hapa mbele: asanteni kwa kunipa nafasi hii usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Nimeombwa niwasimulie maonyesho ya kiangazi yalikuwaje nilipokuwa mtoto, zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Nitasimulia, tena kwa furaha, maana katika siku zote za utoto wangu hakuna ninayoikumbuka saa kwa saa kama ile. Ila nina ombi pia, na ni vyema mlijue tangu sasa. Ni ombi kuhusu kamba inayotenganisha watu na ndege.

Nilikuwa na miaka minane. Shule zilikuwa zimefungwa. Baba alituamsha, mimi na dada yangu, giza likiwa bado limetanda, tukafika uwanjani umande haujakauka. Jambo la kwanza ninalolikumbuka ni soksi mbichi na harufu ya majani yaliyokatwa jana yake. Ndege nilikuwa bado sijaiona hata moja.

Uwanja ulikuwa na pande mbili. Upande huu palikuwa na michezo: farasi wa mbao wanaozunguka, bembea za minyororo, mabanda ya kulenga shabaha, ng'ombe na kondoo waliosuguliwa manyoya mpaka yanang'aa, wakisubiri waamuzi. Upande ule, nyuma ya kamba ndefu nyeupe iliyofungwa kwenye vigingi, zilipangwa ndege. Katikati vilisimama vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo, na mtangazaji aliyekuwa akishindana na muziki wa farasi wa mbao. Muziki ulimshinda mara nyingi. Maneno yalitufikia vipande vipande, na nadhani ndiyo maana tulisikiliza kwa makini hivyo.

Dada yangu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na hakuogopa kitu, alitaka gurudumu kubwa kwanza. Baba akatuweka kwenye kiti, akafunga chuma mbele yetu, akabaki chini akitupungia mkono. Siku hizi nikiona gurudumu kama lile hukumbuka kwamba la kwanza la ukubwa huo lilijengwa na mhandisi George Ferris kwa ajili ya maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893. Lilipanda mita 80 hivi, likiwa na vyumba 36, na kila chumba kilichukua watu 60. Watu elfu mbili na zaidi hewani kwa wakati mmoja, miaka kumi kabla ya ndugu wawili wa Wright kuruka na ndege yao! Kwa umati ule, gurudumu ndilo lililokuwa ndege. Ndilo lililowaonyesha kwa mara ya kwanza mapaa ya nyumba kutoka juu. Kwa hiyo msione ajabu kwamba michezo ya maonyesho na ndege vimekaa pamoja kwa muda mrefu hivi. Ni vitu vya ukoo mmoja.

Letu lilikuwa dogo kuliko hilo, lakini lilinitosha. Liliposimama ili watu wa chini washuke, tulikuwa juu kabisa. Nikatazama ng'ambo ya kamba. Zile ndege zilikaa kwenye mstari, ndogo kama vitu vya kuchezea vilivyopangwa sakafuni na mtoto mwangalifu. Chini ya mojawapo, ya rangi ya njano, palikuwa na mtu amelala chali.

"Yule amelala?" nikauliza.

"Hapana," dada akasema. "Angalia mikono yake. Anafanya kazi."

Tangu hapo gurudumu likaniishia hamu. Nilitaka kushuka tu.

Tuliposhuka baba alikutana na mtu wanayefahamiana, wakaanza kusalimiana zile salamu ndefu za watu wazima. Dada akasogea kutazama farasi wa mbao. Nami nikaondoka. Sikuaga. Nilipita kati ya miguu ya watu, nikafuata ile rangi ya njano, mpaka kamba ikanigusa kifuani.

Ndege ile ilikuwa Harvard. Jina nililijua baadaye. Ni ndege ya mafunzo ya viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, ambayo marubani wengi wa Vita vya Pili vya Dunia walijifunzia kabla ya kupewa ndege za vita. Zilitengenezwa zaidi ya 15,000, na baada ya vita nyingi zikaendelea kuruka katika maonyesho, na mpaka leo zipo zinazoruka. Puani mwake ina injini ya duara: silinda 9 zilizopangwa kuzunguka kitovu kama miale ya nyota. Pangaboi lake lina mapanga mawili tu, na ncha zake zikizunguka kwa nguvu zote hukaribia au hata kupita kasi ya sauti, ndiyo maana Harvard ikipaa hulia mlio wa kukwaruza unaosikika kabla hata hujajua imetokea wapi. Aliyewahi kuusikia haulizi ni ndege gani.

Asubuhi ile ilikuwa kimya. Yule fundi alitoka chini ya injini, akakaa kitako, akajifuta mikono kwa kitambaa. Hapo nikaona alichokuwa amekisogeza: kopo la bati, la kawaida kabisa, lililotegwa chini ya injini, na tone la mafuta meusi likining'inia juu yake. Tone likarefuka, likakatika, likaanguka. *Ti.* Baada ya muda jingine likaanza kujikusanya mahali palepale.

Nilisimama pale nikihesabu matone. Lilipoanguka la saba, nikakumbuka adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Hakugeuka haraka. "Unatazama nini?"

"Inavuja."

Sasa alinitazama. Alikuwa na nyusi nyeupe na kucha nyeusi. Mtu mwingine angeweza kuniambia nirudi kwa wazazi wangu, na angekuwa na haki. Yeye aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akainua kamba kwa kidole kimoja.

"Pita. Mikono nyuma mpaka nikuambie."

Ndugu zangu, nimewahi kualikwa mahali pakubwa maishani mwangu, nimeingia kwenye majumba yenye mazulia. Sijawahi kuingia mahali popote nikiwa na moyo kama ule niliopita nao chini ya kamba ile.

Akanichuchumisha kando ya kopo, akanieleza. Injini ya duara, alisema, ina silinda zilizotazama juu na silinda zilizotazama chini. Ikizimwa usiku kucha, mafuta ya kulainisha hutiririka polepole kwenda chini, kama kitu chochote cha majimaji. Mengine hupenya pembeni na kudondoka kwenye kopo. Hayo hayana ubaya, hayo ni injini inakuambia kwamba mafuta inayo. Yenye hatari ni yale yasiyodondoka, yale yaliyojipenyeza ndani ya silinda za chini na kukaa humo. Hewa ukiibana inabanika. Mafuta hayabanwi. Ukiiwasha injini kwa nguvu mafuta yakiwa humo, pistoni inayapiga kama inapiga jiwe, na kitu lazima kipinde.

"Kwa hiyo tunafanyaje?" akaniuliza. Aliniuliza kweli, akasubiri.

Nikafikiri. "Tunayatoa."

"Tunayatoa. Taratibu, kwa mkono."

Wakati huo vipaza sauti vilikwaruza, na katikati ya muziki wa farasi wa mbao nikasikia: mtoto wa miaka minane, shati la kijani, baba yake anamtafuta. Fundi akalitazama shati langu.

"Ni wewe huyo?"

"Ndiyo, mzee."

Hakunikaripia. Alimwita kijana mmoja aliyekuwa akipita na ngazi, akamtuma mbio kwa mtangazaji: mtoto yupo, yuko salama, yuko kwa ndege ya njano. Kisha akanirudisha nyuma ya kamba, akasema kazi inayofuata ni lazima niitazame kutokea hapo, kwa sababu pangaboi halina rafiki, hata injini ikiwa imezimwa. Akampigia kelele mwenzake aliyekaa chumba cha rubani, mwenzake akajibu kwamba swichi zimezimwa. Akauliza tena. Akajibiwa tena. Ndipo aliposhika panga la kwanza.

"Mapanga manne yanatosha kuzipa silinda zote tisa zamu yake," alisema. "Mimi huzungusha mara tatu ya hapo. Wewe hesabu. Kwa sauti. Ukikosea naanza upya."

Nikahesabu. Alisukuma panga kwa viganja vilivyo wazi, bila kulikumbatia kwa vidole, na kila liliposhuka alipiga hatua kutoka kando, mguu wake wa nyuma ukiwa umeshaanza kuondoka kabla panga halijamaliza. Moja. Mbili. Kutoka ndani ya injini ilitoka sauti ya kuvuta pumzi, halafu kama mtu anayemeza. Kwenye panga la tano alisimama akasikilizia mkono, akasema pangekuwa na mafuta mengi lingegoma, na likigoma hatulilazimishi hata siku moja, tunafungua plagi. Halikugoma. Sita. Saba.

Kwenye tisa nikahisi mkono begani. Alikuwa baba.

Nilijua nimekosa. Nilitegemea kuvutwa sikio. Lakini nilikuwa katikati ya hesabu, na fundi alikuwa ananisubiri, kwa hiyo nikasema "Kumi" kwa sauti iliyokwisha kabisa. Baba hakusema neno. Tulipofika kumi na mbili, fundi akapangusa viganja, akamsalimia baba kwa heshima, akamwambia, "Kijana wako anajua kuhesabu." Na baba yangu, mtu mzima, mkali, ambaye kwetu alikuwa na jibu la kila jambo, akaliangalia lile kopo la mafuta, akauliza, "Sasa, hiyo inavuja?"

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona baba akiuliza swali kwa uso wa mtu ambaye hajui na anataka kujua. Na mimi ndiye niliyemjibu.

Halafu wakaiwasha. Pangaboi lilizunguka kwa kusitasita, panga, panga, panga. Silinda moja ikakohoa, ikatema moshi mweupe mzito ubavuni. Ya pili ikaitikia. Halafu zote tisa zikakamatana na majani yote nyuma ya ndege yakalala chini kwa pamoja. Moshi ule ulitufunika. Ulikuwa masalia ya mafuta tuliyoyahesabu, yanaungua. Nilijua unatoka wapi. Watu waliokuwa karibu nami walirudi nyuma wakifunga pua, mimi nikauvuta ndani.

Ndege za jeti zilikuja mchana. Naona watoto hapa wanasubiri hizo, kwa hiyo nisiwanyime. Zilikuwa nne, zilipita chini na kwa kasi, na nilizikosa mara tatu mfululizo. Nilikuwa nasikia ngurumo kulia, nageuka kulia, na anga ni tupu. Machozi yalinilengalenga. Baba akanibeba mabegani akaniambia kitu kimoja: "Usitazame sauti inakotoka. Tazama mbele yake."

Sauti hewani husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Ndege ikiwa umbali wa kilomita moja, mlio wake hukufikia baada ya sekunde tatu. Lakini ndege iendayo kilomita 900 kwa saa hupita mita 250 kila sekunde, kwa hiyo mlio unapokugonga sikioni, yenyewe imeshasogea mita 750 kutoka hapo ulipoanzia. Unasikia ilipokuwa. Dada yangu aliyapokea maneno ya baba akayafanyia kazi papo hapo: ndege ikipita sambamba na gurudumu kubwa anaanza kuhesabu, mlio ukifika anataja sekunde, kisha anakadiria umbali. Mchana kutwa. Aliishia kuwa mwalimu wa fizikia, na miaka yote aliyofundisha, somo la sauti alilianzia kwenye uwanja wa nyasi, mabega ya baba na ndege nne.

Watoto, kesho mtaona moshi mweupe ukiandika angani nyuma ya ndege. Msidhani injini imeharibika. Ni mafuta mepesi yanayopulizwa kwa makusudi kwenye pumzi ya moto ya injini. Yanageuka mvuke, na mvuke ukikutana na hewa baridi unakuwa ukungu. Kikosi cha Uingereza kiitwacho Red Arrows, kilichoanza kuonyesha ndege zake mwaka 1965, hutumia dizeli, na hutia rangi ndani yake kupata nyekundu na buluu. Na mtazame zinavyoruka zimebanana. Kikosi cha Blue Angels cha Marekani hufikia kuacha sentimita 46 tu kati ya ncha ya bawa la ndege hii na chumba cha rubani wa ndege ile. Pimeni kwa mikono yenu, hivi. Rubani wa pembeni hatazami anaelekea wapi. Macho yake yote yako kwa kiongozi wake, kwenye alama fulani za ndege yake, na kiongozi akienda, anakwenda.

Sasa nirudi kwenye kamba, na hapa naomba wazazi mnisikilize.

Nilikua nikiichukulia kamba kama adui, kitu kilichowekwa na watu wasiopenda watoto. Nilipokuwa mkubwa nikasoma kilichotokea Farnborough, Uingereza, tarehe 6 Septemba 1952. Rubani John Derry na mwenzake Anthony Richards walikuwa wakionyesha ndege mpya ya jeti, DH.110. Ndege ikavunjika angani wakati inageuka kurudi kuelekea uwanja, na injini zake, zikiwa na kasi ileile, ziliendelea na safari mpaka katikati ya watazamaji. Walikufa wale wawili na watu 29 waliokuja kutazama. Baada ya hapo Uingereza iliamua kwamba jeti inayokwenda moja kwa moja ikae angalau mita 230 kutoka kwa watu, na inayofanya mizunguko ikae mita 450. Miaka mingi baadaye, tarehe 28 Agosti 1988, huko Ramstein nchini Ujerumani, ndege tatu za kikosi cha Italia ziligongana katika onyesho ambalo moja yake ilikuwa inaruka kuelekea umati. Watu 70 walikufa. Nchi nyingi zilikaza kanuni tena.

Umbali ule ulipimwa baada ya mazishi. Yule fundi wangu aliyenirudisha nyuma kabla ya kugusa pangaboi alijua hivyo. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba nimesimama hapa kuomba kamba itolewe. Ndege ikiwa hewani, pangaboi likiwa linazunguka, au likiwa karibu kuzunguka, kamba ikae, ikazwe, na mtoto wangu mwenyewe akiivuka nitakuwa wa kwanza kumrudisha.

Lakini iko kamba nyingine. Nayo imefungwa kwenye vigingi vilevile, kwa hiyo watu huzichanganya.

Bessie Coleman alizaliwa Texas mwaka 1892, katika familia ya vibarua wa mashamba ya pamba. Alitaka kuruka. Shule za urubani za Marekani zilimkataa, kwa kuwa ni mwanamke na kwa kuwa ni mweusi. Akajifunza Kifaransa, akapanda meli kwenda Ufaransa, akajifunza huko, na tarehe 15 Juni 1921 akapata leseni ya kimataifa ya urubani, mwanamke mweusi wa kwanza kutoka Marekani kuipata. Akarudi nyumbani akawa rubani wa maonyesho: mizunguko, kujirusha kama jani, yale yote ambayo umati wa wakati ule ulikuja kuyaona. Aliporudi Texas kuonyesha, waandaaji walitaka watu weupe wapite lango lao na weusi lango lao. Alikataa kuruka mpaka wote wapite lango moja. Wakapita lango moja.

Alikufa tarehe 30 Aprili 1926 mjini Jacksonville, Florida, akiwa kwenye safari ya kujiandaa kwa onyesho la kesho yake. Hakuwa amefunga mkanda, kwa sababu alihitaji kuchungulia nje atafute mahali pa kutua kwa mwavuli. Spana iliyoachwa ndani ya ndege ilikwama kwenye mitambo ya kuongozea, ndege ikapinduka, akaanguka. Fundi aliyekuwa akiiendesha naye akafa. Spana moja. Mafundi mlioko hapa najua mnapohesabu vifaa vyenu jioni mnajua mnahesabu nini. Alikuwa na ndoto ya kufungua shule ili watu wake wajifunze kuruka, na hakuifikia. Lakini mwaka 1992 Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda anga za juu, alipanda na picha ya Bessie.

Kuna jambo dogo kuhusu tarehe ambalo haliniachi. Mjini Jacksonville, mahali alipoangukia Bessie, ndipo kikosi kile cha Blue Angels kilipofanya onyesho lake la kwanza la hadhara, tarehe 15 Juni 1946. Ilikuwa imetimia miaka 25 kamili, siku kwa siku, tangu apate leseni yake.

Lango la Bessie ndilo kamba ya pili ninayoisema. Ni ile inayoamua nani ndege hizi zinamhusu na nani ni mtazamaji tu. Katika miaka ya karibuni nimehudhuria maonyesho ambako kamba ya kwanza ilikuwa sawasawa, sina neno, lakini ya pili haikuinuliwa siku nzima. Ndege zilioshwa zikang'aa. Makopo ya mafuta yaliondolewa wageni walipokaribia. Mafundi walitakiwa wasionekane. Walioletwa mbele ni marubani, waliopiga picha na watu kisha wakaondoka. Na nilimwona mtoto, umri wangu wa siku ile, amekaa ameipa mgongo anga, anatazama kwenye skrini kubwa ndege iliyokuwa inapita juu ya kichwa chake. Niliumia. Simlaumu yeye. Skrini ilikuwa karibu naye kuliko kitu kingine chochote pale uwanjani.

Sasa ombi langu. Kesho, ndege ya mwisho ikishatua, injini zote zikishazimwa, swichi zikishathibitishwa na mafundi wakishasema ndiyo, ishusheni kamba. Saa moja tu. Watoto waingie kwa makundi madogo, mikono nyuma, kila kundi na mtu mzima mmoja. Wasimamisheni mafundi mbele, na ovaroli zao zilezile walizofanyia kazi. Msifagie chini ya injini. Mtoto akisema inavuja, mtu mmoja achuchumae amweleze, na asimpe jibu kabla hajamuuliza yeye anafikiri nini.

Yule fundi wangu sikuwahi kujua jina lake. Siku ile jioni, baba alirudi nasi pale kumuaga. Ndege ilikuwa imetua, injini inatoa zile sauti ndogo za chuma kinachopoa. Fundi akaniambia sasa naweza kutoa mikono nyuma. Nikaweka kiganja kwenye bati la ubavuni mwa injini. Lilikuwa la moto, moto wa kuvumilika, na chini ya vidole nilihisi vichwa vya ribiti, safu kwa safu, kimoja kimoja. Kiganja kikatoka na utelezi mweusi. Nilikwenda nacho nyumbani kimekunjwa, dada kalala begani kwangu, na mama alipotaka kuninawisha, baba alimwambia aniache, nitanawa kesho.

Huyu mzee aliyekaa safu ya tatu, mwenye koti la buluu, ndiye fundi wa Harvard itakayokuwa ya pili kutoka kushoto. Nimezungumza naye kabla ya kupanda jukwaani, amenikubalia. Kesho saa mbili na nusu asubuhi ataizungusha kwa mkono, mapanga kumi na mawili, nanyi mtakuwa nyuma ya kamba. Anasema anahitaji watu wa kuhesabu, kwa sauti, na wakikosea anaanza upya.